Mbao za Mwezi wa Sita

Kila siku, akishatoka shuleni na kumaliza kula, Joviale alivua sare yake, akavaa gauni kuukuu na kushuka kwenye depo ya mbao. Haikuwa safari ndefu. Depo yenyewe ilikuwa uani kwao, kwenye mteremko wa Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu, ambako kila nyumba inachungulia paa la nyumba iliyo chini yake. Kulikuwa na mabati juu, nguzo nne, na marundo mawili makubwa ya mbao yaliyolala sambamba, la kushoto na la kulia.

Kazi yake ilikuwa nyepesi, ila ilitaka uangalifu. Alikagua vijiti vilivyopangwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, akafagia takataka, kisha akachukua chaki na kupitia ncha za mbao moja moja. Kwenye kila ncha paliandikwa nambari ya mwezi ambao mzigo ulifika. Rundo la kushoto lilikuja mwezi wa sita, kwa hiyo liliandikwa 6. Rundo la kulia lilikuja mwezi wa kumi, nalo likaandikwa 10. Mvua ya Bukavu haina adabu, huingia hata chini ya bati, basi chaki ilifutika kila mara na Joviale akaandika upya.

Mama yake, Mama Constance, alikuwa amefanya kazi ya ukarani miaka kumi na mmoja katika ofisi moja kule Ibanda. Mradi ulipoisha na ofisi ikafungwa, majirani walidhani atafungua duka la vitenge kama wenzake. Yeye akaenda zake kununua libuyu, mti ule mwekundu na mzito unaotoka misitu ya upande wa Mwenga, ambao maseremala huutafuta kwa milango na vitanda. Wanawake wa mtaa walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke na mbao, wapi na wapi?

Aliyekuwa hacheki ni Papa Évariste, seremala mwenye karakana chini kidogo ya soko. Ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza, na ndiye aliyemfundisha Mama Constance kazi.

"Mama Joviale," alimwambia siku ile ya kwanza, "libuyu iko mbao ya heshima, lakini iko na kichwa nguvu. Ukiitumia ikiwa mubichi, itajipinda tu, na itakuhaibisha mbele ya batu. Andika mwezi yenye ilifika. Usiuzie mutu ya milango mbao yenye haijamaliza miezi mitano."

Mama Constance alikuwa mgeni wa biashara hiyo. Hakuweza kugonga ubao kwa kidole akajua umekauka au la, kama Papa Évariste. Lakini maandishi aliyaamini, maana ndiyo yaliyomlisha miaka yote ile. Chaki ikisema 6, kwake ilikuwa 6, na kazi ya chaki alimwachia binti yake.

Ijumaa moja mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, Mama Constance alikuwa safarini Mwenga kutafuta mzigo mpya. Tantine Emérence, mdogo wake aliyekaa nao, alikuwa sokoni. Joviale alikuwa peke yake uani, na tuseme ukweli, mawazo yake hayakuwa kwenye mbao. Jumapili ile ilikuwa sikukuu ya Kristo Mfalme, naye alikuwa mmoja wa joyeuses, wale wasichana wanaocheza mbele ya altare wakati wa Misa. Alikuwa amechaguliwa kusimama mstari wa mbele. Kwa sababu ya mazoezi, wiki nzima hakugusa chaki, na mvua ilikuwa imeosha nambari zote.

Simu ikalia.

"Allô, Joviale! Unanisikia?" Sauti ya mama ilikuja kwa vipande vipande.

"Kidogo, Maman!"

"Papa Évariste anakuja kubeba mbao ya milango, ya ile centre de santé mupya. Umupatie zile za mwezi ya..." Mtandao ukakwaruza. "...ix. Umesikia? Zile za..."

Ikakatika.

Sisi watu wa Bukavu tukiongea huchanganya Kiswahili na hesabu za Kifaransa bila hata kujua. Mwezi wa sita kwetu ni mwezi ya "six", na mwezi wa kumi ni mwezi ya "dix". Ukiyatamka, moja ni "sis" na lingine ni "dis". Hata uso kwa uso watu husikilizana vibaya, sembuse kwenye simu ya Mwenga. Joviale alisikia "dix". Au alidhani alisikia "dix". Kwa mbali moyo ulimwambia apige tena aulize, kwa sababu mama yake alikuwa amemwonya mara nyingi: ukikosa kusikia, uliza. Lakini hapo hapo rafiki yake Lydie akapiga makofi mlangoni.

"Joviale, fanya mbio! Batu wameshaanza!"

"Ninakuja! Ningojee kidogo tu!"

Papa Évariste alifika akiwa na vijana wake wawili wa kazi, Josué na Cédric. Cédric alikuwa na mdomo mwepesi, na kila alipofika hapo alimwita Joviale "Madame Directrice". Siku hiyo Joviale hakucheka. Aliwaelekeza kwenye rundo la kulia, vijana wakaanza kutoa mbao na kuziweka begani.

Papa Évariste aliinama juu ya ubao mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akagonga mwingine.

"Hii inalia kama iko na maji ndani," alisema. "Chaki iko wapi? Ni ya mwezi ya ngapi?"

Joviale alijua kwamba akitaja mwezi, mzee atauliza swali la pili, na la tatu, na mazoezi yatapita. Akamtazama Lydie aliyekuwa akimwita kwa mkono.

"Maman mwenyewe amesema ni hizi," akajibu. "Amesema kwa téléphone, sasa hivi."

Papa Évariste aliutazama ubao tena, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Kama mama yako amesema, nimekubali. Hajanidanganyaka hata siku moja."

Joviale alirudi kutoka mazoezini saa kumi na moja jioni, miguu ikimwuma na roho ikiwa nyeupe. Hakuwa amekaa hata dakika mbili, simu ikalia tena. Safari hii mtandao ulikuwa safi kabisa.

"Alikuja, Papa Évariste?"

"Alikuja, Maman."

"Umemupa zile za six?"

Sasa neno lilisikika wazi, halina shaka yoyote. Six. Mbao za kushoto, mbao kavu.

"Joviale? Ulimupa za six?"

"Ndiyo, Maman."

"Bon. Uko mutoto ya akili. Ataanza kukata lundi."

Jumatatu! Papa Évariste angeanza kukata Jumatatu. Kulikuwa na Jumamosi nzima na Jumapili nzima, na karakana haikuwa mbali. Angeweza kushuka ngazi za mtaa kwa robo saa, akasema, "Papa, nilikosea," na mambo yakaisha. Lakini aliona aibu. Aliogopa mama atasema hakusikiliza, na kwamba aliacha kuandika chaki wiki nzima kwa ajili ya ngoma. Aliogopa pia kuondolewa mstari wa mbele. Basi Jumamosi asubuhi akachukua chaki. Kwenye mbao zote za mwezi wa sita akaandika 10. Kwenye chache zilizobaki za mwezi wa kumi akaandika 6. Aliandika vizuri, kwa mwandiko mzuri wa mtoto wa karani, na mkono haukutetemeka hata kidogo. Baadaye ndilo jambo lililomtisha zaidi kila alipolikumbuka.

Jumapili alicheza. Papa Évariste alikuwa benchi la tatu, akipiga makofi na kutabasamu.

Mama Constance aliporudi, alisoma chaki, akaona kila kitu kiko sawa; rundo gani lilikaa upande gani hakuwahi kulishika kichwani, chaki ndiyo iliyomkumbukia. Milango ikatengenezwa, ikapakwa vanishi ikang'aa, ikafungwa kwenye kile kituo kipya cha afya kabla ya Krismasi. Padri alikibariki kituo. Papa Isidore, msimamizi wa kituo, alimsifu Papa Évariste mbele ya watu, akamwahidi kwamba vitanda ishirini vya wodi ya pili ni vyake. Joviale alianza kupumua. Pengine libuyu haikuwa na kichwa kigumu kiasi hicho.

Mvua zikapungua kidogo, zikaja zile wiki chache za jua kali baada ya mwaka mpya. Ndipo mbao zilipoanza kukauka zikiwa tayari ni milango.

Siku moja ya mwezi wa pili, Joviale alikuwa akifagia uani alipowaona Papa Isidore na Papa Évariste wakishuka njia. Papa Évariste alitangulia, uso umemshuka. Mama Constance akatoka kuwalaki.

"Mama Joviale," alisema Papa Évariste, "milango yote saba imejipinda. Mingine imepasuka. Ile mbao ilikuwa mubichi."

"Mubichi?" Mama Constance alishangaa. "Haiwezekani. Nilikupatia za mwezi ya six."

"Basi mbao kavu ilienda wapi?" Papa Isidore aliuliza, akimtazama seremala na si mama. Swali hilo lilikuwa na kisu ndani.

Mama Constance akawapeleka kwenye marundo. Akaonyesha kwa kidole, nambari moja baada ya nyingine.

"Angalieni benyewe. Hizi zote ni 10, hazijaguswa. Za 6 ndizo zilitoka, zimebaki tu hizi tatu. Mimi najua nilichouza." Alimgeukia Papa Évariste, na sauti yake ikawa baridi. "Kama ulibadilisha mbao kule kwako, Papa, uulize roho yako. Lakini usitafute kunichafua mimi."

Papa Évariste hakuwa amewahi kuitwa mwizi, wala hakujua mtu aliyeitwa hivyo husema nini. Akamgeukia mtoto.

"Joviale, ni wewe ulinipatia mbao kwa mikono yako. Sema."

Watu wazima watatu walimtazama. Joviale alishika ufagio kwa mikono miwili.

"Nilikupatia zile Maman alisema," akajibu.

Papa Évariste alimwangalia kidogo, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayekubali msiba, akaondoka.

Habari mbaya Kadutu hazihitaji gari. Kabla ya wiki kuisha, soko zima lilijua kwamba Évariste alibadilisha mbao za wagonjwa. Vitanda ishirini vikapewa karakana nyingine. Wateja wakawa wanapita mbele ya mlango wake bila kumsalimu. Hakukuwa na kazi ya kuwatosha vijana wawili, na mwezi wa tatu Josué na Cédric wakapanda gari la Kamituga kwenda kuchimba dhahabu. Kanisani Papa Évariste aliliacha benchi la tatu, akawa anasimama nyuma kabisa na kutoka kabla ya baraka. Joviale aliyaona yote hayo. Kila usiku aliapa kwamba kesho atasema, na kila kesho ilipofika alijipa sababu mpya.

Asubuhi moja ya likizo ya Pasaka alimsindikiza Tantine Emérence kwenye kituo cha afya, kwa kuwa mama mdogo huyo alikuwa mjamzito. Walikaa kwenye benchi la ukumbini, karibu na chumba cha kujifungulia. Mlango wa chumba hicho ulikuwa umepinda vibaya. Ulizuiwa kwa jiwe, na kitenge kilikuwa kimetundikwa kwenye pengo. Ndani mwanamke alikuwa akiugulia uchungu, akisihi, "Mufunge mlango, tafazali, batu wananiona!" Kina baba waliokaa ukumbini wakainamisha macho yao.

Muuguzi mmoja alijaribu kuusukuma, ukagoma. "Utafanya nini," alimwambia mwenzake huku akicheka. "Mulango ya Évariste."

Mwenzake akacheka pia. Kumbe lilikuwa limeshakuwa neno la kila siku. Tantine Emérence akamweleza Joviale kwamba hata sokoni, kitu chochote kibovu, kama mkoba usiofunga au mwamvuli uliovunjika, sasa watu hukiita mlango wa Évariste.

Joviale alilia njia nzima ya kurudi, na Tantine akadhani ameogopa kelele za uzazi. Walipofika nyumbani alimkuta mama yake akichambua maharage kwenye ungo.

"Maman, niko na neno," alisema, na bila kukaa akasema yote: simu, Lydie, rundo la kulia, chaki ya Jumamosi, na jibu alilolitoa mbele ya Papa Isidore. Hakuficha hata moja.

Mama Constance hakufoka wala hakuinua mkono. Ingekuwa nafuu kama angefanya hivyo. Alimaliza kuchambua maharage yaliyobaki kwenye ungo.

"Yule muzee ndiye alinifundisha hii kazi," alisema mwishowe. "Na mimi nikamuita mwizi. Mbele ya mutu mwenye kumupa kazi." Aliweka ungo chini, akafunga kitenge vizuri kiunoni. "Twende."

"Sasa hivi, Maman? Batu wako wengi njiani."

"Nilimuita mwizi batu wakisikia. Twende wasikie na hii."

Papa Évariste alikuwa peke yake karakanani, akipiga randa kijiti cha kigoda. Wauza chumvi wa jirani waligeuka kutazama. Mama Constance alisimama mlangoni na kusema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mbao alizouza zilikuwa mbichi, kwamba kosa lilitoka kwake nyumbani, na kwamba alimsingizia mtu mwaminifu. Kisha akamsukuma Joviale mbele taratibu, naye akarudia habari yake tangu mwanzo, akilia na kufuta kamasi. Papa Évariste aliendelea kupiga randa kijiti kile mpaka kikabaki chembamba kisichofaa kitu. Alipokitupa, alisema tu, "Asante kuja."

Kesho yake walikwenda wote watatu kwa Papa Isidore. Msimamizi aliomba msamaha, akaahidi kuwaambia wafanyakazi wake wote ukweli. Vitanda lakini vilikuwa vimeshakatwa kwingine, na nusu yake vimeshaletwa. Mama Constance alitoa bure mbao zote za mwezi wa sita, za kweli, na Papa Évariste akatengeneza upya milango saba. Joviale alimsaidia kila mchana wa likizo, akisugua mbao kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Joyeuses aliwaacha mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Siku ya kufunga mlango wa mwisho, ule wa chumba cha kujifungulia, Papa Évariste aliusukuma kwa kidole kimoja ukajifunga bila kelele. Akaufungua, akaufunga tena, akaketi juu ya sanduku lake la vifaa.

"Papa Évariste," Joviale aliuliza, "sasa batu wataacha kusema?"

"Wengine wataacha. Wengine wameshazoea." Alimwonyesha akae. "Sikia, mutoto wangu. Kukosea kwa sikio, hiyo siikasirikie. Six na dix, mimi mwenyewe nimeshakosea mara mingi. Lakini kutoka vendredi mpaka lundi, mbao ilikuwa imelala kwangu, musumeno haujaigusa. Ungekuja hata dimanche kisha Misa, tungecheka, tungerudisha mbao, na hakuna mutu angejua. Kosa yako ilikuwa ndogo namna hii." Akaonyesha ncha ya kidole. "Ni wewe uliilisha mpaka ikakomaa. Ukikosea, kimbia useme siku ile ile, hata kama unatetemeka. Ukichelewa, kweli utaisema, lakini kuna batu watakuwa wamekwisha kulipa kwa niaba yako."

Swali ambalo Joviale alikuwa amelibeba tangu vijana wale walipoondoka likamtoka.

"Na Josué na Cédric, watarudi?"

"Niliwaita. Josué anakuja mwezi kesho." Papa Évariste aliangalia mikono yake. "Cédric, simu yake haipite. Benzake wanasema aliingia kwa machimbo ingine, mbali, hawajui ni wapi. Mama yake anakuja kuniuliza kila wiki."

Joviale alilia, na mzee hakumnyamazisha. Alimwacha mpaka alipotulia mwenyewe. Kisha wakaunyanyua pamoja ule mlango wa zamani uliopinda, mzee mbele na Joviale nyuma, wakautoa nje.